Kozi ya utangulizi wa saikolojia katika koleji ya jamii Marekani: kuanzia kujisajili hadi mtihani wa mwisho

Waswahili wengi walioko Marekani hukutana na kozi hii wakiwa njiani kuelekea kwingine. Anayetaka uuguzi anaambiwa lazima aipite. Anayetaka kuhamia chuo kikuu baada ya miaka 2 anaikuta kwenye orodha ya masomo ya jumla. Kwa sababu inaitwa saikolojia, wengi huingia wakidhani ni somo la busara. Mtu mzima aliyelea watoto na kusuluhisha ndoa za ndugu, atashindwaje? Maksi hupotea hapo. Hii ni sayansi yenye msamiati wake, na mtihani unapima msamiati huo pamoja na uwezo wa kusoma utafiti.

Hatua ya 1: Sajili kozi sahihi

Namba ya kozi hubadilika kwa jimbo na chuo. Vyuo vingi huiita PSY 101, Texas ni PSYC 2301, Florida ni PSY 2012. Kwa kawaida ina krediti 3. Usiichanganye na saikolojia ya ukuaji wa binadamu, ambayo mara nyingi huwezi kuisajili kabla ya kupita hii ya kwanza. Programu nyingi za uuguzi zinadai zote mbili, kwa hiyo ukiahirisha ya kwanza, ya pili nayo inasogea muhula mzima.

Kabla ya kulipa, uliza chuo unakotaka kuhamia kama wanaipokea na kwa alama gani. Mshauri wa koleji yako anajua ya kwake; anayeamua ni yule wa kule uendako. Wengi hudai angalau C, na baadhi ya programu za uuguzi hutaka zaidi.

Kuhusu ada, jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, ambayo ni bure. Mwenye green card, mkimbizi aliyepokelewa rasmi na aliyepewa hifadhi wanaruhusiwa kuomba msaada wa serikali kuu, ikiwemo ruzuku ya Pell. Mwenye viza ya mwanafunzi, yaani F-1, haruhusiwi. Huyu pia aangalie jambo jingine: kwa kawaida anatakiwa kubeba krediti 12 kwa muhula, na kozi ya mtandaoni inayohesabiwa humo ni moja tu.

Hatua ya 2: Pima saa zako kabla ya kuchagua ratiba

Krediti 1 maana yake ni saa 1 darasani na angalau saa 2 za kujisomea kila wiki, kwa muhula wa wiki 15 hivi. Krediti 3 ni saa 9 kwa wiki. Kozi hiyohiyo ikibanwa katika wiki 8, kazi haipungui: ni karibu saa 17 kwa wiki. Anayefanya zamu za usiku ghalani au kwenye nyumba ya wazee huvutiwa na ile fupi kwa kuwa inaisha haraka, na kweli inaisha haraka, mara nyingine kwa kuiacha wiki ya tatu. Kama kazini unafanya saa 40, chukua ya muhula mzima.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya silabasi siku ya kwanza

Tafuta jedwali la asilimia. Tuchukue mfano: mitihani asilimia 60, majaribio ya kila wiki 15, insha 15, mijadala ya mtandaoni 10. Mwanafunzi anayepata wastani wa 70 kwenye mitihani, 90 kwenye majaribio, 85 kwenye insha na 100 kwenye mijadala anamaliza na 78.25. Huyohuyo akipuuza mijadala kwa kuiona ya kitoto, anashuka hadi 68.25, na pale ambapo C inaanzia 70, ameanguka.

Kisha hamisha tarehe zote kwenye kalenda ya simu, ukiwa makini na saa. 11:59 PM ni saa sita kasoro dakika moja usiku. Ukiandikiwa 12:00 AM ya Jumanne, hiyo ni saa sita ya usiku wa kuamkia Jumanne. Jumatatu jioni ndiyo nafasi yako ya mwisho.

Hatua ya 4: Kitabu

Usinunue kabla ya kusoma silabasi. Walimu wengi sasa hutumia kitabu cha bure cha OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice. Toleo lake la pili lina sura 16 na linasomeka hata kwenye simu. Kama mwalimu anadai kitabu cha kulipia chenye msimbo wa kufungulia mazoezi, usinunue nakala iliyotumika: msimbo wake mara nyingi umeshatumiwa, na bila huo huwezi kufanya kazi za nyumbani.

Hatua ya 5: Jifunze kwa kujiuliza

Kusoma sura mara tatu huku ukipaka rangi ya njano kunakupa hisia ya kujua, basi. Mwaka 2006 watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi. Kundi moja liliyasoma tena, jingine lilijaribu kuandika yale linayokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki, waliojipima walikumbuka asilimia 56, wenzao 42. Mtihani wako utakuja baada ya wiki kadhaa, si baada ya dakika 5.

Tengeneza kadi 20 hadi 30 kwa kila sura. Mbele andika istilahi ya Kiingereza kama ilivyo kitabuni, maana mtihani utaitumia hivyo. Nyuma weka vitu vitatu: maana kwa Kiswahili chako mwenyewe, mfano mmoja wa maisha unayoyajua, na neno linalofanana nalo ambalo si lenyewe. Hicho cha tatu ndicho wengi huruka, na ndicho walimu hutungia majibu ya mtego. Rudia kadi baada ya siku 1, siku 3, kisha wiki.

Hatua ya 6: Kaa zaidi kwenye sura tatu

Sura ya utafiti. Kwenda pamoja si kusababisha. Siku ambazo miavuli ni mingi Dar, foleni nazo huwa ndefu. Miavuli haijafunga barabara, mvua ndiyo imeleta vyote viwili. Kuna pia matumizi mawili ya neno "random", yaani kuchagua kwa bahati nasibu. La kwanza linahusu nani aingie kwenye utafiti, na faida yake ni kwamba matokeo yanaweza kusemwa kuhusu jamii nzima. La pili linahusu nani aende kundi lipi akishaingia, na hilo ndilo linaloruhusu kusema kitu fulani kimesababisha kingine. Neno "significant" halisemi matokeo ni makubwa; linasema hayaelekei kuwa ya bahati tu.

Sura ya ubongo. Hapa majina ni mengi, na kuyakariri peke yake huchosha. Lifunge kila jina kwenye kisa. Henry Molaison alifanyiwa upasuaji mwaka 1953 kutibu kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo, pande zote mbili. Baada ya hapo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za matukio, lakini mkono wake uliendelea kuwa hodari siku hadi siku katika zoezi la kuchora kwa kutazama kioo, ingawa hakukumbuka kulifanya. Kisa kimoja kinakupa hipokampasi na tofauti kati ya aina mbili za kumbukumbu.

Sura ya kujifunza, na hasa uimarishaji ("reinforcement") wa mwanasaikolojia B. F. Skinner. Kosa linalojirudia kila muhula ni kudhani uimarishaji hasi ni adhabu. "Positive" na "negative" hapa hazina uzuri wala ubaya; ni kujumlisha na kutoa. Jiulize maswali mawili, kwa mpangilio huu:

1. Tabia imeongezeka au imepungua? Ikiongezeka ni uimarishaji, ikipungua ni adhabu.
2. Kuna kitu kimeongezwa au kimeondolewa? Kikiongezwa ni chanya, kikiondolewa ni hasi.

Fimbo, kama inapunguza tabia, ni adhabu chanya, hata kama sikio la Kiswahili linakataa. Kumnyang'anya kijana simu hadi aache kuchelewa kurudi ni adhabu hasi. Dereva anayefunga mkanda ili kengele ya gari inyamaze, na kesho akaufunga mapema, ameimarishwa kwa njia hasi.

Sasa swali la aina ya mtihani. Mtoto analia kwenye basi, baba anampa simu, kilio kinakatika. Wiki ijayo mtoto analia mapema zaidi, na baba anatoa simu haraka zaidi. Nani ameimarishwa vipi? Wote wawili. Mtoto amepata simu, kwa hiyo kulia kwake kumeimarishwa kwa njia chanya. Baba ameondolewa kelele, kwa hiyo kutoa simu kwake kumeimarishwa kwa njia hasi. Aliyejibu haraka alitazama mtoto tu. Soma swali linauliza tabia ya nani kabla ya kutazama majibu.

Hatua ya 7: Mtihani wa mtandaoni

Uliza mapema kama kuna programu inayofunga kompyuta wakati wa mtihani. Nyingi hazifanyi kazi kwenye simu, na zikishawaka huwezi kufungua kamusi wala tovuti ya kutafsiri. Maktaba nyingi za koleji huazimisha laptopu. Fanya jaribio la mazoezi siku mbili kabla, ili tatizo la kamera au intaneti lijitokeze wakati bado kuna wa kukusaidia.

Hatua ya 8: Insha

Chagua mada nyembamba. Mfano mzuri kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni mwanasaikolojia Mary Ainsworth, ambaye kazi yake kuhusu mshikamano wa mtoto na mama ilianzia Uganda, katika vijiji vya karibu na Kampala miaka ya 1954 na 1955, kabla ya majaribio yake maarufu ya Baltimore. Usiandike kuhusu ugonjwa wa akili wa mjomba wako. Mwalimu anataka makala zilizopitiwa na wataalamu, na utazipata kwenye hifadhidata za maktaba ya koleji bila kulipa. Muundo ni wa APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani: ukurasa wa jina, nafasi mbili kati ya mistari, orodha ya marejeo mwishoni.

Kuandika kwa Kiswahili kisha kupitisha yote kwenye programu ya kutafsiri ni hatari. Baadhi ya walimu huhesabu hilo kama udanganyifu, na programu za kugundua maandishi ya mashine huweza kulishuku. Andika Kiingereza chako kilivyo, tunza rasimu zote, kisha peleka kwenye kituo cha uandishi cha koleji. Huduma hiyo kwa kawaida ni bure.

Hatua ya 9: Mambo yakiharibika

Kuacha kozi ndani ya siku za mwanzo za muhula hakuachi alama. Baada ya hapo utapata W, alama ya kujiondoa. Haishushi wastani wako, lakini inahesabiwa kama krediti ulizojaribu, na vyuo vingi hutaka uwe umekamilisha karibu asilimia 67 ya ulizojaribu ili msaada wa fedha uendelee. Ukiacha kozi zote kabla ya asilimia 60 ya muhula, unaweza kudaiwa sehemu ya fedha za serikali. Kupotea kimya ndiko kubaya zaidi: unaishia na F. Mwenye F-1 asiache hata kozi moja bila kuzungumza kwanza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Kozi ikiisha, pakua silabasi na uihifadhi kwenye barua pepe yako binafsi, kwa sababu akaunti ya koleji inaweza kufungwa ukishahama. Chuo kikuu kikisita kuzipokea krediti zako, silabasi ndiyo karatasi watakayoiomba.