Somo: Fedha za EQIP za kujengea kitalu nyumba (banda la plastiki la kuoteshea mboga, "high tunnel"), Marekani

EQIP, mpango wa hifadhi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, si mkopo wala si zawadi. Serikali kuu hukulipa kwa kazi ya hifadhi iliyokwisha fanyika na kukaguliwa, kwa hiyo kwa kawaida unajenga kwa fedha yako kwanza.

1. Anzia ofisi ya FSA (shirika la huduma za wakulima la wizara hiyo) ya kaunti yako. Beba kitambulisho, namba ya Social Security au EIN (namba ya kodi ya biashara), na hati ya shamba au mkataba wa kukodi. Utapewa namba ya shamba na fomu AD-1026 (ardhi oevu na udongo unaomomonyoka), CCC-902 (mpango wa uendeshaji wa shamba) na CCC-941 (kipato). Hapa majina hukwamisha wengi: ukiandika majina mawili kwenye fomu moja na matatu kwenye nyingine, faili haliendi. Yaandike kama yalivyo kwenye kumbukumbu za kodi.

2. Peleka ombi NRCS (shirika la hifadhi la wizara hiyo, ndilo linaloendesha EQIP) kwa fomu CPA-1200. Hupokelewa mwaka mzima, ila kila jimbo lina tarehe yake ya kufunga duru ya maombi.

3. Mtaalamu wa NRCS atakuja shambani. Usimwambie tu "nataka kitalu nyumba". Mwonyeshe tatizo lenyewe: mboga zinazoungua na baridi, udongo unaochukuliwa na maji. Maombi hushindanishwa kwa alama, na alama hufuata tatizo linalotatuliwa.

4. Usichimbe hata shimo moja kabla wewe na NRCS hamjasaini mkataba, fomu CPA-1202.

5. Jenga kwa vipimo vya mkataba. Fremu iwe ya kiwandani (mabomba ya kukunja mwenyewe hayakubaliki), plastiki ya unene wa mil 6 (inchi 0.006) isiyoharibika na jua, na mazao yapandwe ardhini. Malipo huhesabiwa kwa futi ya mraba: futi 30 kwa 72 ni futi za mraba 2,160. Ukijenga pungufu, unalipwa pungufu. Kumbuka na maji ya paa. Kwa ukubwa huo, mvua ya inchi 1 humwaga zaidi ya galoni 1,300. Bila mtaro, ukingo wa kitalu utachimbika.

6. Ukimaliza, waite NRCS waje kupima, kisha saini fomu ya malipo, CPA-1245. Fedha huingia benki.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mimi sina hata fedha ya fremu. Nifanyeje?
Jibu: Kama hujazidisha miaka 10 ukilima, omba kama mkulima anayeanza. Kiwango chako huwa cha juu zaidi, na unaweza kupewa angalau nusu ya malipo mapema. Ila nusu hiyo itumike ndani ya siku 90, la sivyo unairudisha. Pata bei ya fremu kabla ya kuipokea.

Swali: Shamba nimekodi kwa mwaka mmoja mmoja. Naruhusiwa?
Jibu: Kwa mkataba huo utakwama, dada. Lazima shamba liwe mikononi mwako kwa muda wote wa mkataba wa EQIP. Ongea na mwenye shamba kwanza, akubali kwa maandishi. Kitalu kikiondolewa mapema, unaweza kudaiwa fedha pamoja na riba.

Swali: Nimeshasimamisha nguzo, ombi bado liko NRCS.
Jibu: Kitalu hicho hakitalipwa, kaka. Ruhusa ya kuanza mapema huombwa kabla ya kuanza. Kama una nafasi, omba kwa kazi nyingine ambayo hujaigusa.

Swali: Fedha hizi zina kodi?
Jibu: Ndiyo. Utaletewa fomu 1099-G, inayoonyesha malipo uliyopata serikalini. Ziingize kwenye Schedule F (fomu ya kodi ya mapato ya shamba) pamoja na gharama zako za ujenzi.