Kukwangua Uso kwa Wembe bila Kuachiwa Madoa

Kukwangua uso kwa wembe, huduma inayojulikana katika saluni kwa jina la dermapleni, ni kuondoa tabaka jembamba la seli zilizokufa juu ya ngozi pamoja na malaika, yaani vile vinywele laini vya mashavuni. Ngozi hubaki nyororo na poda hukaa vizuri zaidi. Vinywele hivyo havioti tena vikiwa vinene, ingawa wengi huamini hivyo: ncha iliyokatwa ni butu, na kwa hiyo huguswa kama kitu kigumu.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, hatari kubwa si mkato bali doa linalobaki baada ya mkato kupona, kwa kuwa ngozi yetu inapojeruhiwa huongeza rangi mahali pale, na doa hilo huweza kukaa miezi kadhaa. Ndiyo maana kazi huanza kwa kuamua kama uso unastahili kuguswa kabisa. Mwenye chunusi zilizoiva, ukurutu, vidonda vya homa mdomoni au historia ya makovu yanayovimba aache. Anayetumia dawa za retinoidi usoni, yaani zile za jamii ya vitamini A, azisitishe kwa wiki nzima kabla ya siku hiyo, na anayemeza isotretinoini, dawa ya chunusi sugu, amwone daktari kwanza. Nasisitiza pia kuhusu krimu za kujichubua, ambazo baadhi yake huwa na steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe: dawa hiyo ikitumiwa kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba, na ngozi ya namna hiyo haihitaji wembe bali daktari wa ngozi. Wanawake wenye ndevu nene zilizojisokota kidevuni wapaache mahali hapo, kwa sababu nywele za aina hiyo zikinyolewa hurudi ndani ya ngozi na kuzaa vipele.

Fanya kazi hii jioni. Hapa kwetu Kisumu, Kenya, tuko karibu mno na ikweta, ambayo hupita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka mjini, na jua la saa sita mchana halimhurumii mtu aliyetoka kukwangua uso asubuhi na kupanda bodaboda kuelekea sokoni Kibuye.

Nunua wembe mdogo wa nyusi wenye mpini, ulio mpya. Wembe wa kawaida usio na mpini ni mgumu kuudhibiti. Nawa uso kwa sabuni laini, kisha ukaushe kabisa, kwa maana wembe huu hutumiwa juu ya ngozi kavu isiyo na mafuta. Keti penye mwanga wa kutosha. Anza shavuni karibu na sikio: vuta ngozi kwa vidole vya mkono mmoja hadi inyooke, laza wembe kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, na uushushe kufuata mwelekeo wa vinywele kwa mikwaruzo mifupi na myepesi, ukipangusa makali kwa pamba kila mara. Usirudie sehemu moja zaidi ya mara mbili. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kuwa wakiona unga mweupe unatoka hudhani uchafu haujaisha. Kope, mabawa ya pua na midomo visiguswe. Ukijikata, bonyeza kwa pamba safi na usiendelee hapo.

Ukimaliza, nawa kwa maji ya kawaida na upake losheni isiyo na manukato. Ndimu, sukari na skrabu visikaribie uso kwa wiki nzima, hata kama jirani anavisifu. Kuanzia asubuhi inayofuata paka kinga ya jua ya SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi, uirudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje, na uvae kofia pana. Asiyeweza kumudu kinga hiyo asifanye kazi hii, kwa maoni yangu.

Rudia baada ya wiki nne hivi, kwani ngozi huchukua muda wa karibu siku 28 kujifanya upya. Wembe usiazimane hata na dada yako, kwa sababu damu usiyoiona huweza kubeba virusi vya homa ya ini au vya UKIMWI. Ukiwa saluni, hakikisha wembe mpya unafunguliwa mbele yako. Uliotumika utie ndani ya kopo lenye kifuniko kabla ya kuutupa, usije ukamkata mzoa taka.