Jinsi ya Kufadhili Malezi ya Mtoto wa Tembo Yatima Ukiwa Arusha au Moshi

Mkazi wa Arusha au Moshi ni jirani wa tembo. Makundi ya tembo wa Sinya na Enduimet, magharibi mwa Kilimanjaro, huvuka kwenda Amboseli nchini Kenya na kurudi bila kujali mpaka, ushoroba (njia ya wanyama) wa Kitendeni unaunganisha misitu ya Kilimanjaro na nyanda hizo, na Hifadhi ya Mkomazi iliyo upande wa Same inapakana na Tsavo Magharibi ya Kenya. Kwa hiyo mtu wa huku anapochangia malezi ya mtoto wa tembo aliyebaki bila mama, hata kama kituo chenyewe kiko Kenya, anawahudumia wanyama wa ikolojia moja na hii tunayoishi ndani yake.

Kabla ya kutoa fedha, ni vyema kuelewa maana ya ufadhili. Mfadhili hawi mmiliki wa mnyama. Kwa Tanzania, wanyamapori ni mali ya umma chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na hakuna mtu anayeruhusiwa kumfuga tembo nyumbani kwa nia njema tu. Anayemkuta mtoto wa tembo akizurura peke yake anapaswa kutoa taarifa haraka kwa askari wa wanyamapori au kwa serikali ya kijiji, asimpe maziwa ya ng'ombe na asiruhusu watu wamzingire, kwa sababu huenda mama yake yuko karibu. Ufadhili ni mchango wa kila mwaka unaopelekwa kwenye kituo kilichoidhinishwa, nao huchanganywa na michango ya wafadhili wengine waliomchagua mtoto yuleyule. Asikudanganye mtu kwamba fedha zako pekee ndizo zinazomlisha.

Wala zisingetosha. Mimba ya tembo huchukua miezi 22, na mtoto huzaliwa akiwa na uzito wa takriban kilo 100 au zaidi. Katika miaka yake miwili ya mwanzo hawezi kuishi bila maziwa, na porini huendelea kunyonya hata baada ya hapo. Anayempoteza mama katika umri huo, iwe kwa risasi ya jangili, kwa ukame, kwa ugomvi wa mashambani au kwa kutumbukia kisimani, hana siku nyingi za kuishi. Kituoni hunyweshwa kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, na mlezi hulala naye banda moja. Wadogo kabisa hufunikwa blanketi wakati wa baridi, na mara nyingi blanketi huning'inizwa ili mtoto aegemeze mkonga wake hapo anaponyonya chupa, kama ambavyo angeuegemeza mwilini mwa mama.

Maziwa yenyewe yalikuwa kitendawili kwa miaka mingi. Watoto wa tembo walikufa mikononi mwa watu waliowapenda, kwa kuwa tumbo la tembo mchanga haliwezi mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Daphne Sheldrick, aliyeishi Tsavo na mumewe David, mhifadhi wa kwanza wa Tsavo Mashariki, ndiye aliyegundua baada ya majaribio marefu kwamba maziwa ya unga ya watoto wachanga yenye mafuta ya nazi yanawafaa. Katika miaka ya 1970 alimlea hivyo mtoto aliyeitwa Aisha. Daphne alipolazimika kuondoka kwenda kwenye harusi ya binti yake, Aisha aligoma kula kwa huzuni akafa. Tangu hapo walezi hupokezana zamu, ili mtoto aizoee familia nzima ya walezi badala ya kumganda mtu mmoja. Ninalieleza hili kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloonyesha fedha zinakokwenda: sehemu kubwa ya gharama ni maziwa na watu, na vyote viwili havina likizo.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuchagua kituo. Kinachojulikana zaidi katika ukanda wetu ni Sheldrick Wildlife Trust, shirika lililoanzishwa mwaka 1977 kwa kumbukumbu ya David Sheldrick. Watoto wachanga hulelewa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, kisha wakifikia umri wa miaka mitatu hivi huhamishiwa Voi au Ithumba, katika eneo la Tsavo, au Umani Springs katika msitu wa Kibwezi, ambako hutembea porini mchana na kukutana na makundi ya tembo huru. Kuondoka kabisa kituoni ni uamuzi wa tembo mwenyewe, na huweza kuchukua miaka mingi. Baadhi ya majike waliolelewa hapo wamerudi kuwaonyesha walezi watoto waliowazaa porini, na kwangu huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba kazi hii inafanyika ipasavyo. Kituo kingine ni Reteti, Samburu, kilichofunguliwa mwaka 2016, ambacho kinamilikiwa na jamii yenyewe na kinatumia maziwa ya mbuzi yanayonunuliwa kwa akina mama wa maeneo ya jirani.

Ukitajiwa kituo usichokijua, uliza maswali machache bila kuona haya. Je, kimesajiliwa, na hesabu zake za mwaka zinapatikana kwa umma? Je, kina kibali cha mamlaka ya wanyamapori ya nchi hiyo? Mtoto akikua anakwenda wapi? Swali hili la mwisho lina uzito kuliko mengine. Kituo kinachowapandisha wageni mgongoni mwa tembo, au kinachoruhusu kila mwenye kiingilio kuwashika na kuwakumbatia siku nzima, hakiwaandai kwa maisha ya porini, hata kama picha zake zinapendeza. Jihadhari vilevile na ujumbe unaosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ukiwa na picha ya mtoto wa tembo na namba ya simu ya mtu binafsi ya kutumia fedha. Lipa kupitia tovuti rasmi ya shirika, uliyoiandika mwenyewe kwenye simu au kompyuta, si kwa kubonyeza kiungo ulichotumiwa.

Malipo hayana ugumu. Sheldrick Wildlife Trust hupokea kuanzia dola 50 za Marekani kwa mwaka kwa kila tembo. Unafungua orodha ya yatima, unasoma habari za kila mmoja, unachagua, unaandika jina la mfadhili na anwani ya barua pepe, kisha unalipa kwa kadi. Kadi za Visa na Mastercard za benki zetu hufaa, ila ulizia kwanza kama yako imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni, na hakikisha kuna salio la ziada kidogo, kwa sababu benki hubadilisha shilingi kwa kiwango chake na kuongeza ada. Kampuni za simu nazo hutoa kadi za mtandaoni zinazochukua fedha kwenye akaunti ya simu. Angalia pia kama umekubali kukatwa tena mwaka ujao bila kuulizwa.

Kwa wengi dola 50 ni fedha nyingi, na sioni sababu ya mtu kujinyima ada ya shule kwa ajili hiyo. Njia ninayoipendekeza zaidi ni ya kikundi: darasa, jumuiya ya kanisa au msikiti, wanakikoba, au klabu ya Malihai shuleni. Wanafunzi 50 wakichanga kidogo kidogo kwa muhula mmoja wanafikia lengo, na ufadhili ukiandikwa kwa jina la klabu, taarifa zinabaki mali ya wote. Mteue mtu mmoja wa kushika anwani ya barua pepe, asiwe mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, kwa kuwa akihitimu na kuondoka taarifa zitapotea.

Baada ya malipo hutumwa cheti, na kila mwezi taarifa yenye picha na sehemu za kumbukumbu zinazoandikwa na walezi. Taarifa hizo ni za Kiingereza, kwa hiyo mwalimu au mzazi azisome na kuwasimulia watoto kwa Kiswahili: nani amegombea chupa, nani ameogopa ngiri, nani amejiunga na kundi la porini kwa siku mbili. Waelezwe mapema pia kwamba yatima wengine hufika wakiwa wamedhoofu mno na hufa licha ya juhudi zote. Ikiwa kikundi chenu kina watoto wadogo sana, chagueni tembo ambaye amekwisha kumaliza miezi kadhaa kituoni.

Anayetaka kumwona tembo wake atapita Namanga kwenda Nairobi, au Holili na Taveta kwenda Voi, akiwa na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kituo cha Nairobi hupokea wageni kwa saa moja tu kwa siku, kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 6 mchana, na nafasi lazima iombwe mapema; kiingilio cha hifadhi hulipwa kando. Kwa vituo vya Tsavo andika kwanza, upate jibu, ndipo ukate tiketi ya basi.

Mwaka ukiisha, amueni mapema kama mnaendelea. Ikiwa tembo wenu amekwisha kuhamia porini na habari zake zimepungua, mnaweza kuhamishia ufadhili kwa mtoto aliyefika karibuni, ambaye bado anahitaji chupa ya saa nane usiku.