SOMO: Ruzuku ya serikali ya kukinga nyumba na biashara dhidi ya mafuriko ya mto (Uingereza)

Ndugu zangu, wiki hii pekee watu watano wamenitumia swali lile lile: "zile pauni 5,000 za mafuriko nazipataje?" Naandika hapa mara moja. Haya ni ya England. Wales na Scotland wana taratibu zao.

Jueni kwanza kwamba ruzuku hii haiko wazi mwaka mzima. Serikali huifungua baada ya mafuriko makubwa, kwa maeneo inayoyataja, kama ilivyofanya baada ya dhoruba Babet (Oktoba 2023) na Henk (Januari 2024). Mara zote mbili ilikuwa hadi pauni 5,000 kwa nyumba au biashara iliyoingiwa na maji ndani. Bustani na gereji hazihesabiwi.

1. Piga picha kabla hujadeki. Shika futikamba kwenye alama ya maji ukutani.

2. Toa taarifa halmashauri na kwa bima yako siku hiyo hiyo.

3. Jaza fomu ya halmashauri. Hela hupitia kwao.

4. Tafuta mkaguzi asiyeuza chochote, kisha subiri kibali cha maandishi. Hapa ndipo nilipoumia, nisikilizeni. Nakaa Worcester, karibu na mto Severn. Alikuja muuzaji mlangoni na futi yake, akasema yeye ndiye mkaguzi, ndiye muuzaji, ndiye fundi. Utabiri ulikuwa wa mvua, watoto wana hofu, nikatia sahihi jioni ile ile. Akafunga vizuizi mlango wa mbele na wa nyuma. Nilipopeleka ankara, nikakataliwa: kazi imeanza kabla ya kibali, na ripoti huru hakuna. Mto ulipopanda tena, nilisimama jikoni na mabuti, nakitazama kizuizi cha mlango, kikavu kabisa. Nyuma yangu choo cha chini kikaanza kubwabwaja. Maji machafu yakapanda hadi ukingoni, yakamwagika, yakafika kwenye zulia la ukumbini. Vali ya kuzuia maji yasirudi kwenye bomba la choo ingeyazuia, na hakuna aliyeniambia.

Kwa hiyo: USILIPE hata arbuni kabla ya barua ya kibali. Mwambie mkaguzi apite kila penye tundu: milango, matofali yenye matundu ya hewa, mabomba ya choo na bafu, matundu ya nyaya, sakafu. Gharama ya ukaguzi yenyewe inaweza kutolewa kwenye ruzuku, hadi pauni 500.

5. Fundi afanye kilichoandikwa kwenye ripoti. Tunza risiti na picha.

MASWALI

Chuma_Derby: Mkuu, kwa hiyo nikiomba leo napewa shingapi mkononi?

Mwandishi: Soma aya ya pili na hatua ya 4. Hii ni ya kazi iliyokaguliwa. Baada ya Henk kaya zilizofurika zilipewa hadi pauni 500 za kujikimu, lakini hilo ni fungu jingine.

MamaPilau: Shikamoo kaka. Nina mgahawa mdogo Gloucester, chini ya jengo. Nasikia kuna bima ya Flood Re, nami naingia?

Mwandishi: Marahaba dada, umeuliza la maana. Flood Re ilianza 2016 na itakwisha 2039, ni ya nyumba za kuishi zilizojengwa kabla ya 2009. Biashara haimo. Huinunui wewe, kampuni yako ya bima ndiyo hupeleka huko mzigo wa mafuriko. Ila ruzuku ya pauni 5,000 inakuhusu, na baada ya Henk biashara zilipewa pia hadi pauni 2,500 za kuinukia. Halafu pandisha friji juu ya jukwaa la matofali na uhamishe soketi ziwe juu. Nyumbani kwako je, bima yako ina Build Back Better? Waulize. Hiyo huongeza hadi pauni 10,000 ili nyumba itengenezwe kwa namna itakayostahimili maji safari ijayo.

Kijana_wa_Trent: Mbona kujisumbua? Halmashauri si inagawa magunia ya mchanga bure?

Mwandishi: Halmashauri hailazimiki kukupa. Na gunia halizibi choo. Nimeandika kwa nini.

BintiMwambao: Mkaguzi wangu amekataa kizuizi kirefu kuliko sentimita 60. Kwa nini asiweke mita nzima?

Mwandishi: Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Ukiyazuia yote nje na ndani pakavu, yanausukuma ukuta hadi unaweza kupasuka. Kwa nyumba za kawaida 60 ndiyo kipimo wanachokizingatia. Yakizidi hapo, heri yaingie taratibu yakute sakafu ya vigae, plasta isiyonyonya maji, na kabati za jikoni zisizo za chipboard (mbao za vumbi lililogandishwa). Mwambie aandike na hayo kwenye ripoti.

BintiMwambao: Ahsante sana. Kwetu Garsen, Kenya, mto Tana ukifurika, magunia ya mahindi yanapandishwa uchagani kwanza, ndipo watu.

Mwandishi: Vyema. Hapa pandisha vyeti na pasipoti. Mimi vyangu viko ghorofani, ndani ya mfuko wa plastiki.

Fundi_Salim: Na mwenye pampu ya kutoa maji ndani aijaribu kila Septemba kwa ndoo mbili za maji. Nimezikuta nyingi zimekwama kwa kutu.

Mpangaji22: Na sisi wapangaji?

Mwandishi: Ni lazima mwenye nyumba akubali. Mpelekee zile picha za hatua ya kwanza.