Kuhamia faiba nyumbani: kabla fundi hajatoboa ukuta

Nikifika kufunga faiba, yaani intaneti inayopita kwenye uzi wa kioo, kwenye nyumba iliyozoea laini ya shaba, mwenye nyumba huniuliza kasi. Nami humuuliza: kompyuta inakaa wapi, televisheni iko wapi, na soketi ya umeme iliyo huru iko wapi? Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama atafurahi au atanipigia simu wiki ijayo kuniambia hajaona tofauti.

Hatua ya 1: Jua unachouziwa. Neno faiba linatumika ovyo. Kuna huduma ambazo uzi wa kioo huishia kwenye kabati la mtaani, kisha waya wa simu wa shaba ndio unaomalizia safari, na kadiri nyumba ilivyo mbali na kabati ndivyo kasi inavyoshuka. Uliza hivi: waya utakaoingia ndani kwangu ni wa kioo au wa shaba? Uliza pia kasi ya kupakia. Anayepiga simu za video kutwa ataihisi hiyo kabla ya kasi ya kupakua.

Hatua ya 2: Laini ya zamani usiiguse. Faiba inayofika hadi ndani haipiti kwenye waya wa shaba, kwa hiyo zote mbili zinaweza kuwa hai kwa wakati mmoja. Soma tu mkataba wa zamani unataka notisi ya siku ngapi. Kama kuna simu ya mezani au kengele ya wezi inayotegemea laini ile, sema mapema. Simu ya shaba hupata umeme wake kutoka kituoni; ya faiba hupita kwenye ruta (kifaa kinachosambaza intaneti na Wi-Fi nyumbani), na umeme wa nyumbani ukikatika nayo inanyamaza, labda uwe na betri ya akiba.

Hatua ya 3: Chagua mahali pa kisanduku. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Faiba huishia kwenye kisanduku kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Mafundi tunakiita ONT. Fundi mwenye nyumba tano za kumaliza siku hiyo atatoboa ukuta ulio karibu na nguzo na kukipachika hapo hapo. Tembea naye nyumba nzima kwanza.

Ruta inataka kukaa karibu na katikati ya nyumba, juu kidogo, mahali pa wazi. Kabati la chuma, nyuma ya televisheni na kando ya tangi la maji ni sehemu mbaya, kwa kuwa chuma hurudisha mawimbi na maji huyameza. Ikiwa uzi haufiki katikati, acha ONT ukutani na uvute kebo ya mtandao ya Cat5e au Cat6 hadi kwenye ruta. Kebo hiyo hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na nyumba nyingi hazifiki hata nusu ya umbali huo.

Hatua ya 4: Siku ya kufunga. Tundu litobolewe likiteremka kuelekea nje, na kebo ya nje iachiwe kitanzi kidogo chini ya tundu ili maji ya mvua yadondokee pale badala ya kuingia ndani.

Sehemu inayopitisha mwanga ndani ya uzi ina upana wa mikroni 9 hivi, nyembamba kuliko unywele. Kuukunja kwa nguvu kunauvujisha mwanga. Niliwahi kurudi kwenye nyumba moja mara mbili kutafuta hitilafu, kumbe kabati la nguo lilisukumwa likaibana kebo ukutani. Na usichungulie ncha ya uzi: mwanga wake hauonekani kwa macho, lakini upo.

Kabla fundi hajafunga mkoba, mwombe akuonyeshe kipimo cha mwanga. Kwa mitandao mingi ya GPON (faiba ambayo uzi mmoja hugawiwa nyumba nyingi), ONT husoma vizuri kati ya -8 na -27 dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga. Hizo ni namba hasi, kwa hiyo -20 ina nguvu kuliko -26. Mimi siondoki kama imeshuka chini ya -25. Joto na vumbi vitakuja kumalizia nguvu iliyobaki.

Hatua ya 5: Soma taa. Kwenye ONT, taa ya PON, ya muunganisho wa faiba, iwake bila kupepesa. Taa ya LOS, ya kupotea kwa mwanga, ikiwa nyekundu, mwanga haufiki; kuzima na kuwasha mara kumi hakutauleta.

Hatua ya 6: Ruta. Ipe Wi-Fi mpya jina na nywila zile zile za zamani, na aina ile ile ya usalama. Vifaa vingi vitajiunga vyenyewe.

Hatua ya 7: Pima kwa kebo kwanza. Chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye ruta, kisha ndipo upime Wi-Fi, ukitumia masafa ya gigahezi 5. Ukiona kasi imeganda kwenye megabiti 94 hivi ilhali umelipia 300, usimlaumu mtoa huduma. Kuna tundu la ruta, kompyuta au kebo linaloishia megabiti 100. Mara nyingi ni kebo ya zamani yenye waya uliokatika ndani.

Faiba ikikaa wiki nzima bila kukatika, sitisha laini ya shaba kwa maandishi, rudisha modemu yao, na udai risiti.