Kuunda nukleosomu kwa msaada wa Nap1, hatua kwa hatua

Juzi nilikaa na mwanafunzi wa uzamili tukiitazama jeli yake ya tano. DNA yote imeganda kwenye visima, chini hakuna hata mstari mmoja. Maelekezo alikuwa ameyafuata neno kwa neno. Tukaanza upya asubuhi, na jioni mstari wa nukleosomu (DNA iliyozungushwa kwenye protini ziitwazo histoni) ukatokea. Naandika tulivyofanya, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Kwanza uelewe Nap1, protini ya kusindikiza histoni, inafanya nini. Histoni zina chaji chanya nyingi, DNA ina chaji hasi. Zikikutana kwenye chumvi kidogo zinang'ang'aniana ovyo, na ndani ya mrija unaona wingu jeupe kama maziwa yaliyokatika. Kwenye seli jambo hilo halitokei, kwa kuwa histoni haziachwi zizurure. Tangu zinapotengenezwa zinapokewa na protini za kuzisindikiza. Ya kwanza kutambuliwa, nukleoplazmini, Ron Laskey na wenzake waliipata mwaka 1978 kwenye mayai ya chura wa Xenopus. Mimi naziita wapambe, kwa sababu kazi yao ni ya mpambe wa bibi harusi: anamsindikiza, anamkinga njiani, anamfikisha, kisha anajitoa. Ukimaliza kazi, Nap1 haimo ndani ya nukleosomu.

Seli ina wapambe wengi, kila mmoja na zamu yake. CAF-1 inapeleka histoni za H3 na H4 pale DNA inaponakiliwa, HIRA inashughulika na H3.3, aina nyingine ya H3, na HJURP inaifikisha CENP-A, nayo ni aina ya H3, kwenye sentromia, sehemu ya kromosomu inayoshikwa seli inapogawanyika. Kwa kazi ya mrijani chukua Nap1 ya hamira. Ni rahisi kuizalisha kwenye bakteria, na haidai ATP, nishati ya seli.

Hatua ya 1: Andaa vitu

DNA iwe na mfuatano wa 601, ule uliochaguliwa na Lowary na Widom mwaka 1998 kwa sababu unaishika oktama, yaani fungu la histoni nane, kwa nguvu na mahali pamoja. Sikushauri kuanza na kipande cha jeni unalolipenda. Lifanye baada ya 601 kukubali. Mimi natumia urefu wa jozi 207 za besi. Oktama ya histoni (H2A, H2B, H3 na H4, mbilimbili) ihifadhiwe kwenye chumvi ya molari 2, maana chini ya hapo inaachana.

Hatua ya 2: Pima histoni zako

Hapa ndipo mwanafunzi wetu alipopotelea, na mimi miaka ya nyuma nilipotelea hapahapa. Ukikosea kipimo, hakuna mpambe atakayekuokoa. Histoni zikizidi, zinajibandika kwenye DNA nje ya utaratibu na kila kitu kinabaki kisimani. Zikipungua, unapata DNA tupu.

Histoni hizi nne hazina triptofani. Kwa hiyo mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 280 ni mdogo, unatoka karibu wote kwenye tairosini, na ndiyo maana wengi wetu tunasoma kwenye 276. Uchafu kidogo tu wa DNA unaipandisha namba hiyo, ukadhani una protini nyingi. Soma na 260 kila mara. Ikiwa juu kuliko 276, usiendelee, rudi ukasafishe. Soma na 320 pia: kama kuna kitu pale, histoni zimeshaanza kugandana.

Kipimo cha Bradford sikipendi hapa. Rangi yake inashika sana arginini, na histoni zimejaa arginini, kwa hiyo ukilinganisha na albumini ya ng'ombe utapata jibu la uongo. Ninachokiamini zaidi ni jeli ya SDS, sabuni inayozikunjua protini: weka oktama yako pembeni ya oktama unayoijua kiasi chake, tatu au nne kwa viwango tofauti, kisha linganisha kwa macho. Jeli hiyohiyo itakuonyesha kama histoni zote nne zipo kwa uwiano.

Halafu kuna plastiki. Histoni zilizozimuliwa kwenye chumvi kidogo zinajibandika kwenye kuta za mrija wa kawaida. Wakati fulani nilizimua jioni, nikaacha kwenye friji, na asubuhi sehemu kubwa ilikuwa imepotea. Wiki nzima nikailaumu Nap1. Tumia mirija isiyoshika protini, na zimua dakika ileile unayotumia.

Hesabu yenyewe: oktama ina uzito wa takriban kilodaltoni 108, DNA ya jozi 207 takriban 128. Pikomoli 10 za DNA ni mikrogramu 1.28, na oktama inayolingana ni mikrogramu 1.08. Usiweke kiwango kimoja ukatulia. Weka mirija mitano: 0.6, 0.8, 1.0, 1.2 na 1.4 za oktama kwa kila DNA moja. Jeli ndiyo itakayochagua.

Hatua ya 3: Histoni na Nap1, bila DNA

Changanya kwenye barafu, dakika 20 hadi 30. Naanza na Nap1 nne kwa kila oktama. Hesabu chumvi inayoingia na histoni: mikrolita 1 ya molari 2 ndani ya 20 inakupa milimolari 100, mikrolita 2 zinakupa 200, tayari zimezidi. Bafa iliyobaki ipunguziwe chumvi ipasavyo, uishie kati ya 100 na 150.

Hatua ya 4: Tia DNA

DNA iingie mwisho. Iache saa moja kwenye nyuzi 30. H3 na H4 zinakaa kwanza, kisha jozi mbili za H2A na H2B. Nap1 pia inaziondoa H2A na H2B zilizojibandika pasipo pake, zikapata nafasi ya kuketi vizuri. Kwangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko kupeleka.

Hatua ya 5: Jeli bila SDS

Asilimia 5, bafa ya TBE nusu ya nguvu yake ya kawaida, kwenye ubaridi. Mstari wa nukleosomu unakaa juu ya DNA tupu.

Hatua ya 6: Hakikisha kwa MNase

Mstari peke yake haunitoshi. Kata kwa MNase, kimeng'enya kinachokata DNA isiyolindwa, ukiwa na kalsiamu, simamisha kwa EDTA inayoinasa kalsiamu hiyo, safisha DNA. Nukleosomu iliyokaa sawa inakulindia jozi 147 hivi. Ukiona moshi usio na mstari, rudi kwenye mirija mitano uchague uwiano wa chini.

Ukitaka nukleosomu nyingi kwenye plazmidi, zenye nafasi sawa, Nap1 haitoshi. Ongeza ACF, protini zinazozipanga nukleosomu kwa nafasi sawa, na ATP ya kuziendesha. Ulizozipata zitunze kwenye nyuzi 4, usizigandishe.