Ng'ong'o jikoni: kutoa maji yake na kupasua kokwa bila madhara

Ng'ong'o, yaani marula, haichumwi, huokotwa. Mng'ong'o huangusha matunda yangali ya kijani, nayo huivia chini hadi ganda ligeuke njano iliyopauka. Ukiutikisa mti utapata matunda machachu yasiyoiva vizuri. Lakini hapo chini mbuzi na ng'ombe nao huja kula, kwa hiyo anza na kuchambua: lililopasuka, lenye tundu la funza au linalotoa povu kwenye kikonyo, tupa. Ya kijani yaache kwenye kikapu siku chache. Yaliyoiva yasugue kwa mkono ndani ya maji, kisha yasuuze kwa maji mengine safi.

Kwa kilo 2 za matunda, andaa lita 1 ya maji ya kunywa. Chana ganda kwa ncha ya kisu kuzunguka katikati, halafu binya. Kokwa litachomoka likiwa limevikwa nyama nyeupe inayoteleza. Ganda lisiingie, lina ukakasi. Tumia beseni la plastiki la chakula au sufuria ya chuma cha pua. Uchachu wa tunda hili hula alumini. Mimina yale maji juu ya makokwa, koroga kwa mwiko dakika 10 hivi, mpaka ukishika kokwa ulisikie limekwaruza, halitelezi tena. Chuja kwa kifumbu au kitambaa safi. Usithubutu kutia makokwa kwenye blenda: visu huvunjika na vipande vikali hubaki kwenye juisi.

Onja kabla ya kutia sukari. Juisi hii inywewe siku hiyohiyo, maana ikilala nje ya friji huanza kuchachuka, na chupa iliyofungwa kwa nguvu yaweza kupasuka. Ukitaka jeli, chemsha vikombe 4 vya juisi na 3 vya sukari. Dondosha tone kwenye sahani baridi, lisukume kwa kidole. Likijikunja uso, epua.

Watoto wadogo wasiachwe wafyonze kokwa peke yao. Linateleza na linaweza kukaba koo. Mwenye mzio wa korosho au embe pia ajihadhari, kwani miti hii ni jamii moja.

Makokwa yanikwe juani hadi yakauke kabisa. Lisimamishe kokwa juu ya jiwe, ligonge kwa jiwe dogo, kisha chokoa viini, viwili au vitatu, kwa shazia. Ni vitamu na vina mafuta mengi, ndiyo maana huchacha upesi: kaanga kidogokidogo bila mafuta. Chenye ukungu au harufu ya uvundo kitupwe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaangwa.

Na usichukulie kila kokwa kuwa hivi. Kiini cha fyulisi (pichi) kikitafunwa au kusagwa hutoa sumu ya sianidi, basi hicho kisiliwe.